Vituo Sita Kwenda Zahanati

Kabla ya alfajiri bangili ilianza kutikisika ndani ya kikombe cha bati, ti-ti-ti, ti-ti-ti, kama kuku anayedonoa punje kwenye sinia. Redempta Mdemu aliizoea sauti hiyo. Kila usiku aliivua bangili na kuitumbukiza kikombeni, kwa sababu usingizi wake ulikuwa mzito na bila bati asingeisikia kamwe. Alinyoosha mkono gizani, akaitoa, akaisogeza karibu na macho.

Maandishi yalikuwa madogo na mekundu. *Mpango wa Bustani, Njia na Viwanja vya Lusange. Kura zimekamilika. Bonde la Nyaruti: Njia ya Miti, 6,411. Ukumbi wa Michezo, 6,410. Ushindi wa kura moja hukaguliwa na binadamu. Mkaguzi: R. Mdemu. Mwisho: leo, saa tisa alasiri.*

Aliketi kitandani akasoma tena. Kisha akaweka miguu sakafuni na kubaki hivyo muda mrefu, kama mtu aliyetupiwa mtoto wa mwenzake ampakate.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiichora njia ile. Mara ya kwanza waliirudisha wakisema mteremko ni mkali. Akaupunguza. Mara ya pili walisema miti itakunywa maji mengi. Akatafuta miti isiyo na kiu. Mara ya tatu faili lilipotea, na mara ya nne lilipatikana lile lililopotea wakati yeye ameshachora jipya, ikabidi yote mawili yaanze upya. Njia yenyewe haikuwa na makuu: kilomita moja na robo, kutoka nyumba za zamani juu ya kilima mpaka zahanati, yenye kivuli pande zote mbili na mahali pa kukaa. Lakini bonde la Nyaruti lilikuwa kipande cha mwisho cha ardhi wazi katika mji wote wa Lusange. Kitakachowekwa pale ndicho kitakachobaki. Wajukuu wa watu watakikuta.

Na sasa alikuwa ameshinda, kwa kura moja, na yeye ndiye wa kuikagua.

*

Idara ya Bustani na Burudani ilikuwa nyuma ya ukumbi wa zamani wa mikutano. Redempta alipita katikati ya viti mia mbili ambavyo havijakaliwa na mtu miaka kumi na minne. Mfagiaji, mama mmoja mpole, alikuwa bado anavipangusa kila Jumatatu. Aliwahi kumwambia Redempta kwamba anavionea huruma.

Zamani watu walikuja hapa kubishana. Waliokuja walikuwa wale wale, wenye sauti na wenye nafasi, na wanyonge walibaki nyumbani. Ndipo manispaa ikaleta mapacha. Kila mkazi alivishwa bangili. Bangili ilihesabu hatua zake, ikajua anapokaa, anapogeuka, anapopita haraka na anapokawia, na kutokana na hayo mashine ikamjengea pacha asiyeonekana, wa kumwakilisha barazani. Pacha alipiga kura kuhusu kila bomba na kila benchi. Kila nyumba ikapewa kioo cha ukutani ili mtu aweze kumuuliza pacha wake, umenisemea nini leo. Mwanzoni watu waliuliza sana. Baadaye waliacha, kama unavyoacha kumuuliza mlinzi kama yuko macho.

Pacha hakuamini mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Watu husema wanapenda vitabu na miguu yao inawapeleka kwenye nyama choma. Pacha aliamini miguu.

Mashine ilimtolea Redempta majina arobaini ya kukagua. Alianza saa moja na nusu. Jina la kwanza alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, ndiyo maana hatua zake zilikuwa za ajabu. La pili alikuwa mtu aliyevunjika mguu. Aliendelea hivyo, moja moja, akiandika vizuri pembeni, maana hakupenda kazi ya kulipua, mpaka akafika jina la thelathini na nane.

*Sigifridi Mgongolwa. Umri, 81.*

Mzee huyu, kwa miaka kumi na minne, hakuwahi kuvuka hatua elfu tano kwa siku. Kuanzia mwezi wa sita alikuwa anatembea hatua elfu kumi na moja. Mara tatu kwa wiki alikwenda kwenye kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, karibu na stendi na kukaa hapo mpaka jua linazama. Redempta alirudi nyuma kwenye kumbukumbu za zamani. Kila Jumanne, mwaka hadi mwaka, mzee alishuka kilima kwenda zahanati, na njiani alisimama mara sita, palepale, na kila aliposimama aliinama. Kisha, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa nne, hakutembea kabisa siku arobaini. Halafu ulanzi.

Jina hilo alilijua. Alifungua droo ya chini, ile ya karatasi, akapekua. Fomu ya kuazima mali za idara: viti sitini, turubai moja, sufuria kubwa mbili. Sababu: *msiba wa Mzee Sigifridi Mgongolwa.* Iliyoidhinisha ilikuwa saini yake mwenyewe, ya mwezi wa nne mwishoni.

Redempta aliitazama saini ile, akatamani kuikana. Idara yake ilijua kwa viti, haikujua kwa kura. Rejista ya vifo ilikaa wilayani, huku barazani waliamini mshipa wa damu unaodunda chini ya bangili, na kati ya ofisi hizo mbili hapakuwa na hata uzi.

Alikwenda kwa mkuu wake, Bwana Lwitiko, akamkuta anakula karanga.

"Bwana Lwitiko, kuna marehemu amepiga kura."

"Ya upande gani?"

"Wa njia."

"Basi Mungu amrehemu."

"Sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Ni mtu mwema, amekupigia kura na hayupo." Lwitiko alifuta mikono. "Bangili yake ina mshipa?"

"Inao. Nani ameivaa sijui, lakini mshipa unadunda."

"Fomu inauliza mshipa. Haiulizi wa nani."

"Akitolewa ni sare," Redempta alisema. "Na sare inakwenda..."

"Inakwenda kwenye mradi wenye matunzo machache. Ukumbi. Naijua kanuni, niliipigia makofi ilipopita." Alimtazama bila ubaya. "Dada Redempta, miaka kumi na moja umenililia njia hii. Nimekuona ukiichora ukiwa na homa. Leo umeipata, unajichokonoa jicho kwa nini? Tia alama kwenye kisanduku, nenda nyumbani ukalale."

"Siwezi kuandika jambo ambalo sijaliona."

"Kaliangalie basi. Lakini saa tisa ni saa tisa." Alizifunga karanga zilizobaki kwenye karatasi, akamsukumia upande wake wa meza. "Chukua. Najua hujala."

Hakuwa amekula. Alizichukua.

*

Alipanda kilima kwa miguu kupitia njia iliyopo sasa, ambayo ni mfereji mkavu wenye ukingo. Jua lilikuwa la saa sita na halikuwa na mzaha. Hapakuwa na mti, hapakuwa na pa kukaa. Alipofika katikati, goti lake la kushoto lilimwambia kitu ambacho katika michoro yote hakuwahi kukisikia sawasawa. Alisimama akiwa amekasirika, bila kujua amkasirikie nani.

Nyumba ya Mgongolwa ilikuwa ya tatu toka mwisho. Bibi Kordula, mjane wake, alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage. Mguu mmoja ulikuwa umenyooshwa mbele, umefungwa kitambaa gotini.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, mwanangu. Pita, usisimame juani kama mdeni."

Hakumuuliza kilichomleta. Aliingia naye ndani na ungo wake, kwanza akampa maji, halafu kiti chenye mto, halafu magimbi ya kuchemsha kwenye sahani yenye maua, na alikaa akimtazama mpaka alipomaliza la pili. Hapo ndipo aliposema, "Sasa sema."

Redempta alikuwa amejiandaa kwa maneno mazuri njia nzima, na yote yalikuwa yamemtoka. "Bibi, nimetoka manispaa. Nimekuja kwa habari za mzee. Kwenye vitabu vyetu bado yuko hai."

"Mnasemaje? Nyie si ndio mlioleta viti."

"Ndio sisi."

"Na turubai. Lilikuwa na tundu, lakini siku ile haikunyesha. Nilisema moyoni, watu wa manispaa wamefanya vizuri." Alitupa harage bovu pembeni. "Sikumficha mtu. Tulimzika mchana, na padri alikuwepo, na spika ilikuwepo."

"Bangili yake iko wapi?"

Bibi Kordula alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekumbuka jambo la aibu la mtu mwingine. "Kamuulize Mngoni."

Mngoni hakuwa mbali. Alikuwa anakuja mlangoni saa hiyo hiyo, kama ilivyokuwa kawaida yake kila mchana, mzee mrefu mwembamba mwenye kofia ya pama, Osmundi Komba, mtani wa marehemu kwa miaka arobaini, kama Wangoni na Wahehe walivyo watani tangu enzi za vita vyao. Alikuwa amebeba mkungu mdogo wa ndizi begani.

"Hodi kwa mateka wangu," alisema.

"Pita, wewe mkimbizi. Mlitoka kusini kwa miguu mpaka soli zikaisha, na bado hamjajifunza kukaa."

"Ningekaaje na wewe unahitaji ndizi? Mhehe hawezi kupika mpaka aletewe chakula na adui." Aliweka mkungu chini taratibu, mahali ambapo bibi angeweza kuufikia bila kuinuka. Alipomwona mgeni akavua kofia. "Mama, shikamoo zako nitazipokea, lakini usinipe pole. Kuishi na hawa nimeshazoea."

Redempta alimwamkia. Kisha akatazama mikono yake. Mkono wa kushoto ulikuwa na bangili, na wa kulia ulikuwa na bangili nyingine, ya zamani, yenye kioo kilichopasuka.

"Mzee Komba, hiyo ya kulia ni ya nani?"

"Ya marehemu." Alisema hivyo kwa fahari, akaiinua waione. "Siku ya arobaini walitandaza vitu vyake mkekani wavigawe. Shati kwa mdogo wake, jembe kwa mpwa wake, redio kwa binti. Mtani hapangiwi, mtani ananyakua. Nikaona Mhehe akifa anaacha jembe na ubishi. Jembe lilishachukuliwa. Ubishi nikauvaa mimi."

"Kila mtu alicheka," Bibi Kordula alisema. "Hata mimi nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mazishi."

Redempta alifumba macho kidogo. Alikuwa amepitia sheria zote za bangili, kurasa tisini na mbili, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu akifa vitu vyake hugawanywa. Waliozitunga walidhani bangili itarudishwa kwenye bahasha. Hawakujua kwamba hapa kitu kilichokaa kwenye mwili wa mtu hakirudishwi ofisini, kinapewa mtu mwingine akivae amkumbuke. Na bangili za toleo lile zilijali damu inayozunguka tu. Ya nani, hazikuuliza.

Akawaeleza. Aliwaeleza polepole, kama anavyoelezwa mtu anayependwa. Kwamba miguu ya Mzee Komba imekuwa ikimlisha pacha wa marehemu. Kwamba pacha huyo amepiga kura usiku wa kuamkia leo. Kwamba kura hiyo moja ndiyo iliyoleta njia ya miti, na bila hiyo kitajengwa ukumbi uliofungwa, wenye geti.

Osmundi alikuna shingo. "Na pacha wangu mimi? Huyu wa kushoto?"

Redempta alitazama kwenye daftari lake la kioo. "Amechagua ukumbi."

"Mshenzi."

"Unakwenda kutazama ngumi kila Jumamosi, Mzee. Ndicho anachokijua."

"Ngumi naangalia nikiwa na nguvu. Mimi mwenyewe naitaka njia. Huyu mama anashukaje kwenda zahanati? Ananishikilia bega kama mzigo wa kuni. Andika: Osmundi Komba, mwenye akili timamu, anataka njia. Nakubadilishia hapa hapa."

"Siwezi."

"Kwa nini usiweze? Niko mbele yako, na mdomo ninao."

Redempta alijaribu. Alijua jibu, lakini alijaribu kwa sababu mtu mzima alikuwa amemwomba. Aliandika ombi, akalituma, na mashine ikajibu mara moja: *Kauli ya mdomo haina uzito. Mkazi atembee tofauti kwa muda usiopungua siku tisini.* Alimsomea. Ndani ya chumba kulikuwa na watu watatu hai waliotaka kitu kimoja, na aliyeweza kukipata ni yule wa nne tu, aliyekuwa kaburini.

"Kwa hiyo ukimtoa Sigifridi, njia imekufa," Bibi Kordula alisema.

"Kwa miaka kumi. Na baada ya hapo bonde litakuwa limeshajengwa."

"Na usipomtoa?"

"Njia inajengwa. Mkuu wangu amesema nitie alama nikalale."

"Na wewe unasemaje?"

Redempta alitazama bangili yake. Ilikuwa imetimia saa saba na nusu.

Bibi aliinuka kwa kushika ukuta. Osmundi aliangalia pembeni akajifanya anahesabu ndizi, ili asionekane anamtazama anavyoinuka. Bibi alikwenda hadi kwenye kioo cha ukutani, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akakigusa.

"Sigifridi."

"Naam, Kordula." Sauti ilikuwa ya mzee, kavu kidogo, yenye subira.

"Naongea naye kila asubuhi," bibi alisema bila kugeuka. "Nakunywa chai, namwambia mambo ya majirani. Habari za manispaa sikuwahi kumuuliza, zinanichosha. Muulize wewe, kazi yako."

Redempta alisogea. "Shikamoo, Mzee. Ulichagua njia ya miti Nyaruti. Kwa nini?"

"Kwa ajili ya vile vituo sita," kioo kilisema. "Pale pa jiwe jeupe, pale pa nguzo, pale mfereji unapopinda, na vingine vitatu huko chini. Mke wangu akifika hapo moyo wake unakwenda mbio. Kila Jumanne nilisimama."

"Ulikuwa unatoa kokoto kwenye kandambili," Bibi Kordula alisema. "Kila siku kokoto. Nilikugombeza ununue viatu vya maana."

"Hakukuwa na kokoto. Hukupenda kuambiwa umechoka."

Osmundi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili. Bibi aliweka kiganja ukutani pembeni ya kioo, siyo juu yake, akabaki ameinamisha kichwa.

Redempta alifikiria: mtu huyu ameinama mara sita kila wiki kwa miaka kumi na minne, na hakutaja. Kati ya mapacha elfu kumi na mbili na mia nane na ushee waliopiga kura, huyu mfu ndiye pekee aliyejua njia ile ni ya nini. Mkono wake ukaelekea kwenye kisanduku. *Mshipa upo.* Ilikuwa kweli. Angeweza kuapa mahakamani kwamba ni kweli.

Kisha kioo kikasema, kwa sauti ile ile ya subira, "Kordula, leo ni siku ya kilabu. Nitachelewa."

Bibi aliinua kichwa. "Unasikia?" alimwambia Redempta. "Sigifridi hakukijua kilabu. Alikuwa anakunywa togwa, na hata hiyo akiombwa sana. Mwezi uliopita alianza na kilabu. Wiki iliyopita kaniuliza ngumi ni saa ngapi."

"Ni miguu yangu," Osmundi alisema chinichini. "Nitaacha kwenda. Nitakaa nyumbani, nishuke zahanati Jumanne tu, niiname kama yeye."

"Utaiga mpaka lini? Wewe ni Mngoni, huwezi kukaa." Bibi alimjibu kwa upole, na utani ndani yake ulikuwa mdogo sana. "Na ukiivua?"

"Mshipa ukikosekana siku sitini, pacha anazimika mwenyewe," Redempta alisema. "Lakini kura itakuwa imeshapita."

Bibi Kordula alirudi kitini. Alikaa, akanyoosha mguu, akaupakata ungo wa maharage lakini hakuchambua.

"Mwanangu, njia ile mimi naihitaji kuliko wewe. Usidhani sijui ninachosema. Lakini nikikuachia uandike kwamba yuko hai, mwakani mtamuuliza tena. Mtamuuliza juu ya visima, juu ya shule. Na atakayejibu atakuwa Osmundi amevaa sauti ya mume wangu. Nitakuwa nakunywa chai na Osmundi."

"Chai yako ni mbaya, nisingekubali," Osmundi alisema.

"Mfunge leo," bibi alisema. "Mfunge akiwa bado anajua habari za kokoto."

Redempta aliuondoa mkono kwenye kisanduku. "Nisamehe, Bibi. Nilitaka nikuletee hiyo njia."

"Najua. Nimeona ulivyoshika hicho kidude."

Osmundi alivua bangili ya kulia. Ilikuwa imekaza, ikabidi alambe kifundo cha mkono kwanza. Aliiweka juu ya mkungu wa ndizi, halafu akaona si mahali pake, akaihamishia mezani.

Kanuni ilitaka mkaguzi amtaarifu pacha kabla ya kumfunga. Redempta alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama alivyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa.

"Mzee Mgongolwa, kumbukumbu zako zinafungwa leo. Una neno?"

Kioo kiliuliza, "Nimekosea mahali?"

"Hapana, Mzee. Hukukosea."

"Haya. Kordula, mvua imenyesha?"

"Bado," bibi alisema. "Mawingu yapo."

"Basi anua maharage."

"Nitaanua."

Redempta alibonyeza. Kioo kikawa kioo tu, na ndani yake walionekana wao watatu na mlango ulio wazi nyuma yao.

Jibu la mashine lilikuja kabla hajashusha mkono. *Sare. 6,410 kwa 6,410. Ukumbi wa Michezo umepita.* Chini yake palikuwa na kijisanduku cha maoni ya mkaguzi, kisichozidi maneno arobaini, ambacho hakuna aliyewahi kukisoma. Redempta alikaa na kukijaza. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka karibu saa tisa. *Mzee Osmundi Komba, yuko hai, amesema kwa mdomo wake mbele yangu kwamba anataka njia. Bibi Kordula Mgongolwa, yuko hai, hajaulizwa. Mimi nimepanda kilima hicho leo saa sita. Hakuna pa kukaa. Nakataa kuusaini ukumbi.* Akayatuma. Hakujua yatakwenda wapi, wala kama kesho atakuwa na meza. Lwitiko angekunja uso, kisha pengine angemsogezea karanga.

Osmundi alikuwa ameshatoka nje. Alikuwa anakusanya maharage yaliyoanikwa uani kwenye mkeka, akiyasukuma kwa viganja, huku akinung'unika kwamba Wahehe humfanyisha mtu kazi hata wakiwa wamefunikwa na udongo.

Redempta alikusanya vitu vyake. Alikumbuka karanga, akazitoa mfukoni, akaziacha kwenye sahani yenye maua kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuacha. Bibi Kordula alimsindikiza mpaka kizingitini na hapo akasimama, kwa kuwa goti halikuruhusu zaidi. Alimshika mkono, hakuuachia.

"Tatizo litakuwa asubuhi," alisema. "Mchana Mngoni huja. Jioni majirani wapo. Lakini ile saa ya chai ya kwanza, kabla watu hawajaamka." Alitazama barabarani, halafu akamtazama yeye. "Ukipata nafasi, mwanangu, uje tena. Sio kwa habari za manispaa. Uje tu tunywe chai, na ukija uje mapema."